Mchagua Jembe

Katika maduka ya vifaa yaliyo karibu na Soko Kuu la Arusha huingia wateja wa aina mbili. Wa kwanza ana vumbi la mbao kwenye nywele. Anataja anachotaka, anauliza bei, anaomba punguzo, analipa, anaondoka. Wa pili hana haraka. Ameiona randa ya chuma ya Stanley, namba 4, ameomba ashushiwe kutoka juu ya rafu. Anaigeuza, anautazama uso wake wa chini dhidi ya mwanga wa mlango, anazungusha skrubu ya shaba iliyo nyuma ya kisu aone kama inakwenda laini. Mwenye duka anamfahamu. "Hiyo orijino, kaka. Utawarithisha watoto." Nyumbani kwake, Njiro au Sakina, kuna randa nyingine mbili, na mbao za meza aliyokusudia kuitengeneza hazijanunuliwa bado. Ananunua hata hivyo.

Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumwelewa, na kabla ya kumkosoa anastahili kutetewa.

Uchu wa zana bora huanzia mahali pa heshima. Sisi ni watu tuliouziwa feki kwa muda mrefu. Tunaijua bisbisi inayojipinda kwenye skrubu ya kwanza, pimamaji inayosema ukuta umenyooka wakati umelala, msumeno unaokufa makali kabla haujafika katikati ya ubao wa mninga. Zana mbovu ni uongo uliofuliwa kwa chuma: ina umbo la zana na jina la zana, ila kazi yake haiwezi. Tena uongo huo humwumiza zaidi anayejifunza. Fundi mzoefu akishika patasi mbovu anajua patasi ni mbovu. Kijana wa mwezi wa pili hajui. Anaona ubao umechanika, anaulaumu mkono wake, na huenda akaiacha kazi akiamini hakuumbiwa. Anayetafuta zana isiyodanganya anatafuta kitu kikubwa kuliko chuma. Anataka akikosea ajue ni yeye aliyekosea.

Kwa hiyo sikubaliani moja kwa moja na methali inayosema mchagua jembe si mkulima. Mjini hapa hapa, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana ikapitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari. Watu wanakumbuka ujamaa na miiko ya viongozi. Wachache wanakumbuka kwamba Azimio linazungumzia pia majembe. Pale linapoeleza kwamba maendeleo hutaka juhudi na maarifa, mifano ya maarifa linayoitoa ni ya shambani: kutumia jembe kubwa mahali pa jembe dogo, plau inayokokotwa na ng'ombe mahali pa jembe la mkono. Kuchagua zana kumewekwa humo kama sehemu ya akili ya mkulima. Ila Azimio hilo hilo linakataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo. Fedha ni tunda la kazi. Jembe kubwa linasifiwa kwa sababu shamba lipo na mtu yuko tayari kuingia.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha kwanza cha Siasa. Alisema hakuna ufundi wowote ambao zana zake hazina kikomo, kwa idadi wala kwa ukubwa. Na kwa kuwa mali ya nyumba ni mkusanyiko wa zana za kuishi, mali ya kweli nayo ina kikomo. Ni fikra yenye nguvu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inatuambia kikomo hicho kinatoka wapi. Hakitoki kwenye maadili ya mtu wala kwenye mfuko wake. Kinatoka kwenye kazi.

Muulize mkulima wa kahawa wa Nkoaranga anahitaji mikasi mingapi ya kupogolea. Atakujibu bila kufikiri: mmoja mzuri, na msumeno mdogo kwa matawi yaliyokomaa. Labda wa pili kama mwanawe anamsaidia. Mibuni yenyewe ndiyo iliyomjibia. Imepandwa kwa idadi fulani, hupogolewa kwa msimu wake, na mikono ya kupogoa inahesabika. Sasa muulize mtu asiye na mbuni hata mmoja, ila ameanza kuipenda mikasi. Huyo hana cha kumwambia basi. Mmoja unakata vizuri zaidi, mwingine mpini wake ni mwepesi, wa tatu umetoka Uswisi. Kumi haitoshi, na haitatosha kamwe, kwa sababu kilichokuwa kiiwekee idadi hiyo mpaka hakipo. Ndiyo maana mtu anaweza kununua zana miaka na miaka bila kuhisi ameshiba, akadhani ana tamaa kuliko wenzake. Sidhani ni tamaa. Amekosa kazi ya kumpimia.

Basi ananunua nini, kama hanunui zana ya kazi?

Tumtazame ni nani. Mara nyingi ni mhasibu, mwalimu, mtu wa ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, msimamizi wa kampuni ya utalii. Ni mtu ambaye kazi yake, jioni inapofika, haimwachii kitu cha kushika. Ametuma barua, ameketi vikaoni, amesaini. Anatamani kuona kitu alichokitengeneza kimesimama chenyewe sakafuni, na tamaa hiyo ni njema kabisa. Kuigeuza kuwa kweli kunahitaji vitu vitatu: zana, muda na ustadi. Muda hana: Jumamosi moja ina msiba, nyingine kikao cha harusi, nyingine ukoo umemwita kijijini. Ustadi hauuzwi, unataka uharibu mbao nyingi kabla haujaja. Katika vitu vitatu hivyo, kimoja tu kinapatikana kwa mshahara, na hicho ndicho anachokinunua, tena na tena, kana kwamba kikizidi kitafidia viwili vilivyokosekana.

Kuna sababu nyingine, ya ndani zaidi. Randa ambayo haijatumika haijawahi kuharibu ubao. Maadamu bado anachagua, bado analinganisha, bado anasubiri ile nzuri zaidi, yeye bado si fundi mbaya. Siku atakayoanza, ataanza vibaya, kama kila mtu alivyoanza. Ubao utapinda, kiungo kitacheza, mke ataweka kitambaa juu ya meza kufunika pengo. Kuchagua kunamkinga na siku hiyo. Hapa ndipo ninaporudi kwa wahenga na kuwapa haki yao: kosa la mchagua jembe haliko katika kupenda jembe zuri. Kosa ni kwamba amegeuza uchaguzi kuwa mahali pa kuishi, akapata humo heshima ya ukulima bila hatari za shamba. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na unyemi huu ni wa pekee, kwa sababu una ladha ya kuanza wakati hakuna kilichoanza.

Na ubora wenyewe unaotafutwa dukani, dukani haumo wote. Hiyo randa namba 4, pamoja na jina lake, haijawa tayari siku inapofunguliwa. Kisu chake kimesagwa kiwandani kwa nyuzi kama 25, na kimebaki na mikwaruzo ya mashine. Mtu akikaa na kinoo na maji, akalaza mgongo wa kisu mpaka ung'ae, kisha akainua kidogo, nyuzi kama 30, akanoa ncha polepole akihisi kwa kidole ule mkunjo mwembamba wa chuma ukijitokeza upande wa pili, halafu akauondoa, hapo ndipo randa inazaliwa. Ukiipitisha kwenye ubao wa paini kutoka mashamba ya miti ya Meru, inatoa ukanda mrefu usiokatika mpaka ikutane na fundo. Kwenye fundo itakushinda, na utajifunza kugeuza ubao.

Ninaijua panga ya mama mmoja wa huku juu, njia ya kwenda msituni, anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi. Imenolewa juu ya jiwe lile lile mpaka tumbo lake limeliwa. Imebaki nyembamba, karibu kama kisu kirefu, na mpini umefungwa mpira wa tairi. Ilikuwa panga ya kawaida ya dukani, ya bei ya chini. Leo inakata kuliko nyingi zinazoning'inia mpya mjini, na ukimwazima mtu mwingine haitamtii, kwa kuwa imekaa kwa mkono wa mwenyewe. Kiwanda kilitengeneza nusu ya panga hiyo. Nusu ya pili aliitengeneza yeye.

Lakini mkono unaoipa zana uhai hauheshimiwi kila mara kama zana yenyewe. Wamasai, na Waarusha wanaoshiriki nao lugha, walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono. Mkuki wa mhunzi ulitukuzwa na mhunzi akadharauliwa; familia nyingine hazikuoana na yake, na mtu alipopokea chuma kilichoshikwa na mhunzi alipaka mkono wake mafuta kwanza. Ulikuwa ni uonevu. Lakini tukiutazama kwa makini tutaona sura yetu wenyewe. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa randa bila kusita hubishana kwa nusu saa na seremala juu ya ujira wa kabati. Tumeipa zana heshima iliyokuwa ya fundi, kisha tunashangaa watoto wetu hawataki kuwa mafundi.

Ndiyo maana kabati lililojaa zana safi halinipi amani. Utasema: sijamwibia mtu, dukani zipo nyingine. Ni kweli. Lakini nenda mtaani Unga Limited uzungumze na vijana wa karakana za mbao na chuma. Wengine wamemaliza mafunzo ya ufundi, cheti wanacho, na wanafanya kibarua chini ya mwenye vifaa kwa sababu hawana vya kwao. Kati ya kibarua na fundi anayejitegemea mara nyingi hakuna tofauti ya akili wala ya mkono. Kuna randa, patasi nne, msumeno mzuri na drili. Orodha hiyo ni fupi, nawe unaijua, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwako mara mbili.

Sikuambii uziazime ovyo. Zana iliyoazimwa hurudi na kisu kimemeguka, na woga wa fundi juu ya hilo ni wa haki. Fanya hivi. Chagua kazi moja ndogo, stuli ya jikoni inatosha, uianze Jumamosi hii na kuimaliza hata ikitoka vibaya. Uone ni zana zipi ilizoziita. Hizo ni zako, zinoe. Zilizobaki mpelekee kijana mmoja, muuzie kwa bei anayoweza kulipa kidogo kidogo kila anapopata kazi, na kinoo mpe bure.