Hatari, Siri na Haki: Jaribio la Wachawi katika Dragon Age: Origins

Suala la haki huzuka kila jamii inapompima mtu kwa kumhatarisha. Limesawiriwa kwa uzito katika Dragon Age: Origins, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya BioWare ya Kanada. Humo, mwanagenzi wa uchawi hafunuliwi jaribio lake mpaka siku ifike. Roho yake hupelekwa katika ulimwengu wa ndoto kukabiliana na pepo. Akipagawa, askari wa dini wanaoulinda mwili wake humuua. Anayekataa hukatwa na ulimwengu huo, akapoteza uchawi, ndoto na hisia zake.

Utetezi wa jaribio hili si dhaifu. Mchawi aliyepagawa anaweza kuangamiza wengi, na kinachopimwa ni tahadhari dhidi ya ulaghai. Mhusika Mouse, anayejitokeza kama msaidizi wa mjaribiwa, ndiye pepo wa kiburi. Hila hiyo ikijulikana mapema, kipimo hakipimi kitu. Hata hivyo, hoja hiyo inahalalisha kuficha hila tu, si hatari wala adhabu. Kumwambia mtu kwamba huenda akafa, naye amekwisha kufikishwa ukumbini, si kumpa nafasi ya kuamua. Wala hapana hiari baina ya kifo na maisha yasiyo na hisia.

Barani Ulaya, Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza mapadre kubariki majaribio ya moto na maji. Majaribio yale yalidai kufichua kosa lililokwisha kutendwa. Hili la mchezoni huadhibu kosa ambalo huenda lisingetendwa kamwe.

Kisa cha Jowan kinaongeza utata. Wakuu wanaazimia kumkata na ulimwengu wa ndoto bila ya kumjaribu, wakimshuku kwa uchawi wa damu. Shuku hiyo ni ya kweli, lakini yeye hasikilizwi. Hapo jaribio lililoonekana dhuluma linageuka kuwa haki anayonyimwa. Hivyo basi, kiini cha dhuluma si hatari peke yake, bali ni mamlaka ya kumpima mtu, au kumnyima kipimo, pasipo kuwajibika kwake.

Fani ya mchezo nayo humtega mchezaji. Yeye akishindwa hurudia. Mwanagenzi hana marudio. Anayelihukumu jaribio kwa wepesi wa kulishinda amesahau tofauti hiyo.