Wajukuu wa Mahamali

Nyumba za wafanyabiashara wa kale mjini Tallinn, nchini Estonia, zina boriti nene iliyochomoza nje, juu kabisa karibu na ncha ya paa, na kwenye boriti hiyo hufungwa kapi. Chini ya kapi kuna mlango wa ghorofani usio na ngazi, kwani aliyekusudiwa kuupitia si mtu, ni gunia. Tajiri wa karne ya 15 aliishi chini, mali yake ikalala juu: chumvi iliyoletwa na meli kutoka magharibi, nafaka, nta, na ngozi za manyoya kutoka Novgorod. Katika barabara ya Pikk ziko nyumba tatu zilizobanana, wenyewe wanaziita Dada Watatu, na hapo mpango huo unaonekana wazi. Mwongozaji wetu, binti wa miaka ishirini na kitu mwenye mwavuli wa rangi ya chungwa, alitueleza umri wa nyumba na mtindo wa kuta zake. Mimi nikamwuliza kamba ya lile kapi ilivutwa na nani.

"Babu zangu," akajibu bila kusita.

Mzee mmoja katika kundi letu, aliyekuwa akichezea simu tangu tulipoanza, aliitia mfukoni.

Tulikuwa tumevuka Ghuba ya Ufini asubuhi ile kwa feri kutoka Helsinki, safari ya saa mbili hivi, mimi na mpwa wangu anayesoma huko. Ziara yenyewe ilikuwa ya aina ile isiyo na bei: mnakusanyika, mnatembezwa kwa miguu, na mwisho kila mtu anatoa kadiri alivyoridhika. Nakiri kwamba wenzangu walitazama majengo na mimi nikamtazama mwongozaji. Mtu aliyekulia Unguja hawezi kujizuia. Tumekua tukiwaona wageni wakipitishwa vichochoroni kwetu, tukisikia yanayosemwa kuhusu nyumba zetu, na tukijua yanayorukwa.

Orodha ya mabwana wa Tallinn ni ndefu na nitaipita haraka, kama yeye alivyoipita. Wadenmaki waliuteka mlima wa Toompea mwaka 1219. Mwaka 1346 wakaliuzia eneo hilo shirika la mashujaa wa msalaba wa Kijerumani. Waswidi walifika mwaka 1561, Warusi mwaka 1710. Lakini bendera juu ya ngome ni jambo moja na mji ni jambo jingine. Chini ya mlima, ndani ya ukuta, mji ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kijerumani, wanachama wa ule umoja wa miji ya biashara ulioitwa Hansa, na waliendelea kuushika karne baada ya karne, bendera zikibadilika juu ya vichwa vyao. Mwestonia alikuwemo mjini humo tangu mwanzo. Alikuwa mchukuzi, mwendesha mkokoteni, kijakazi, mvuvi. Katika nyaraka za mji watu hawa waliandikwa tu kuwa ni "wasio Wajerumani", na vyama vikubwa vya biashara havikuwafungulia mlango. Ndugu zao wa mashambani walikuwa na hali mbaya zaidi: walikuwa mali ya shamba na bwana wake, hawana ruhusa ya kuhama, mpaka utwana huo ulipofutwa mwaka 1816. Wengi wao hata jina la ukoo hawakuwa nalo kabla ya hapo. Ilipofika mwaka 1904 ndipo Waestonia, wakishirikiana na Warusi, waliposhinda uchaguzi wa baraza la mji ambao babu zao waliubeba mgongoni.

Kisha ukaja mwaka 1939. Hitler na Stalin walipogawana maeneo, Hitler aliwaita Wajerumani wa Baltiki warudi "nyumbani", mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Wakapanda meli na kuondoka kwa maelfu, baada ya miaka mia saba. Nyumba zikabaki.

Hili ndilo lililonishika. Mji Mkongwe wa Tallinn, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1997, leo unasimuliwa na kutunzwa na kizazi cha watu waliokuwa hawaruhusiwi kukaa sebuleni mwake. Mtu huyo afanyeje? Akiusifu sana, anawasifu waliomdharau babu yake. Akiulaani, anaukata mkono unaomlisha, na isitoshe anasema uongo, kwa kuwa mji ni mzuri kweli. Kuta zake ndefu bado zipo na minara ishirini hivi, ukumbi wa baraza la mji uliomalizika mwaka 1404 ungali umesimama, na duka la dawa lililo kwenye uwanja wake linatajwa katika nyaraka tangu mwaka 1422, na bado linauza dawa. Nilinunua vidonge vya koo humo, kwa ajili ya kusema tu kwamba nimenunua.

Tulipofika namba 26 ya barabara hiyohiyo ya Pikk, mpwa wangu alinivuta mkono. "Mjomba, tazama. Huyu si mtu wetu?"

Juu ya mlango mkubwa wa mbao wa mwaka 1640, uliopakwa rangi ya kijani na nyekundu, kimechongwa kichwa cha mtu mweusi, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso. Ni Mtakatifu Maurice, askari wa Kirumi ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alitoka Thebe ya Misri, akauawa kwa ajili ya imani yake katika nchi ambayo leo ni Uswisi. Wajerumani wa zama za kati walimchora kama Mwafrika, na chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa kilimchukua kuwa mlinzi wake. Walijiita Vichwa Vyeusi. Walifanya karamu, walipanda farasi, walishika silaha mji ulipovamiwa, na wakioa walihamia chama cha wakubwa kilichokuwa na jumba lake karibu na hapo.

Mpwa wangu alisikiliza yote, halafu akamwuliza mwongozaji: "Kwa hiyo Mwafrika alikuwa mlangoni na Mwestonia jikoni?"

Kundi zima lilicheka, na mwongozaji akacheka kuliko wote. Mimi nikaendelea kukitazama kile kichwa. Ni kazi nzuri ya mikono, na hakuna dharau ndani yake. Lakini picha haili, haidai mshahara, wala haimwombi mtu binti yake. Kuiheshimu ni kazi nyepesi.

Wakati tunapanda kuelekea Toompea nikamkumbusha mwongozaji kwamba Mwafrika wa nyama na damu aliwahi kuishi hapa, tena si kwa udogo. Abram Gannibal alichukuliwa utotoni barani Afrika, kwa maelezo mengine Ethiopia, kwa mengine karibu na Ziwa Chadi, akapelekwa Istanbul, na kutoka huko akafikishwa kwa Petro Mkuu wa Urusi. Petro alisimamia ubatizo wake na kumsomesha. Akawa mhandisi wa jeshi aliyebobea katika ngome, na kuanzia mwaka 1742 hadi 1752 alikuwa kamanda wa mji huu. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake.

"Namjua," alisema yule binti. "Simweki kwenye ziara. Sijui nimweke upande gani."

Nilimwelewa. Gannibal alinunua shamba huko Karjaküla, nje ya mji, na shamba siku zile lilikuwa ni ardhi pamoja na wakulima wa Kiestonia waliofungwa nayo. Mtoto aliyetolewa kama zawadi akaja kumiliki watu. Kwa hesabu ya ngozi ni wetu. Kwa hesabu ya shamba ni wao, wale mabwana. Hadithi ya ziara inapenda pande mbili, na mtu wa namna hii anaiharibu. Hata hivyo naamini angepaswa kumweka, hivyohivyo alivyo. Msikilizaji mzima anaweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja, na asiyeweza atafurahia mandhari ya bahari.

Mwisho wa Pikk, karibu na kanisa la Olav, kuna jengo lililokuwa makao ya KGB, polisi wa siri wa Kisovieti. Madirisha ya chini yalizibwa kwa matofali ili sauti zisitoke. Hapo mwongozaji hakuhitaji maswali yetu. Alizungumza kwa muda mrefu, taratibu, juu ya watu zaidi ya 20,000 waliopelekwa Siberia kwa siku chache za Machi 1949, wengi wao wanawake na watoto. Ni historia yao, na wanaijua.

Nataka kusema neno kuhusu kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilitaifishwa, na watu wa Ng'ambo na wa mashamba wakahamishiwa humo. Waongozaji wengi wa leo ni watoto na wajukuu zao. Lakini sikiliza ziara yao: Sayyid Barghash na Beit al-Ajaib yake, Tippu Tip na mlango wake, Bibi Salme, nyumba ya Freddie Mercury. Mkunazini wanasimulia utumwa, na wanafanya vyema. Kati ya sultani na mtumwa aliye kwenye minyororo, hata hivyo, kuna umati mzima wa watu ambao hawasimuliwi: wachoma chokaa, wapasua matumbawe, maseremala, mabaharia, mahamali na magari yao ya mikono. Ingia nyumba yoyote kongwe pale, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Hiyo ni kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haizidi urefu wake. Mtu aliyekata miti Rufiji, matope yakimfika magotini, ndiye aliyeamua upana wa chumba cha tajiri. Sijawahi kumsikia mwongozaji akilisema hilo, ingawa boriti ziko juu ya kichwa chake.

Sababu haiko kwa waongozaji peke yao. Iko majumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa hamali pale Malindi. Nyumbani kwetu husemwa kwamba "alifanya kazi bandarini", na mgeni akiuliza zaidi, chai huongezwa. Wapo waliotafuta nasaba mpaka Shihr na Shiraz ili wasiishie kwenye gari la hamali. Yule binti wa Tallinn alitamka "babu zangu" kama anayetaja rangi ya macho yake, na sidhani alizaliwa na ujasiri huo. Nchi yake imekuwa ikijifunza kulitamka neno hilo tangu siku za majina ya ukoo.

Niliporudi nilimweleza kijana mmoja wa mtaani kwetu anayeongoza wageni. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee, wageni hawalipii mahamali." Nikamwambia kuhusu mzee aliyetia simu mfukoni. Akafikiri kidogo, akauliza angeanzia wapi, maana ziara zote huanzia Forodhani. Nikamwambia aanzie Malindi, alfajiri, mzigo unaposhuka majahazini. Akasema alfajiri wageni wamelala, na asubuhi wako hotelini wanakunywa chai. Tumekubaliana saa nne, nami nitakuwepo siku ya kwanza, nimweleze gari la babu lilikuwa likiegeshwa wapi.