Ngano ni ya Nani?

Tuseme mwanafunzi wa chuo anaandika tasnifu ya utunzi wa hadithi. Anafika kijijini kutafuta ngano, anaketi jikoni penye moto, na bibi anamsimulia kisa cha sungura na fisi, kwa Kihehe ikiwa ni Iringa, kwa Kisafwa ikiwa ni Mbeya. Anaandika, anashukuru, anaondoka. Baadaye kisa kinatokea kwa Kiswahili, kimepambwa upya, chini ya jina lake peke yake. Je, ametunga au ameiba?

Wapo wasemao kwamba ngano haina mwenyewe, kwa maana bibi naye aliipokea kwa wazee wake. Ni kweli. Hata ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, waliotoa kitabu chao mwaka 1812, walizipokea ngano kwa wasimulizi na kuzirekebisha toleo baada ya toleo. Jaladani yakabaki majina yao tu. Lakini ngano kuwa ya wote hakuufanyi usimulizi kuwa wa yeyote. Pale bibi aliponyamaza ili kutisha, wimbo aliouingiza, sauti aliyompa fisi: hiyo ni kazi yake.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda ngano za jadi, lakini sheria haifundishi shukrani. Sisi twasema: mtunzi na abadilishe kisa, kwani ngano isiyobadilika hufa. Ila aombe ruhusa, amtaje msimulizi akiridhia, kisha arudi amsomee penye moto uleule. Akiona haya kumsomea, basi amekwisha kulijibu swali letu.