Picha ya Ukoo ni Mali ya Nani?

Desturi mpya imeingia majumbani mwetu, tena imeingia upesi kuliko tulivyopata nafasi ya kuifikiri. Mtoto akizaliwa leo asubuhi Ushetu, kabla ya jua kutua shangazi yake aliyeko Dar es Salaam na mjomba wake aliyeko machimboni Nyarugusu wamekwisha kuuona uso wake ndani ya simu. Bibi akifariki, picha yake husambaa kabla kaburi halijachimbwa. Na vijana waliosoma wameanza kuziandika nasaba za koo zao katika intaneti: nani alimzaa nani, nani alimwoa nani, nani alikufa mwaka gani. Yatupasa kuuliza kama jambo hili ni jema, na kama ni jema, lina mpaka wapi.

Hatusemi kwamba ni baya. Nchi ya Kahama na Geita ni nchi ya watu waliotawanyika tangu zamani. Mababu wa Kinyamwezi na Kisumbwa walichukua mizigo ya misafara hadi pwani, na wengine hawakurudi. Siku hizi mwito ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulioanza mwaka 2009, umekwisha kufungwa. Kandokando yake yako mashimo ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Kijana huaga nyumbani akisema atarudi baada ya mavuno ya tumbaku. Mavuno hupita matatu, manne, wala haonekani. Shimo likimwangukia, wenziwe humjua kwa jina la utani tu. Hawajui baba yake ni nani wala kwao ni wapi. Kwa nyumba ya namna hiyo, picha moja iliyotunzwa na jina lililoandikwa sawasawa ni vitu vya thamani kubwa.

Tena Sheria ya Kanisa haikubali ndoa kati ya watoto wa ndugu. Zamani wazee walilijua hilo bila kitabu, kwa sababu koo ziliishi karibu. Lakini vijana wawili waliokutana mjini Kahama, ambao babu zao waliachana kabla wao hawajazaliwa, watajuaje? Mwenye kuuandika ukoo wake afanya kazi ya haki, na twamsifu.

Walakini kuandika ni jambo moja, na kutangaza ni jambo jingine. Hapa ndipo wengi wateleza. Mwenye simu hudhani kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga picha, basi picha ni yake, aifanyie apendavyo. Simu ni yake kweli. Bali zile nyuso kumi zilizomo si zake. Mmoja ni mtoto asiyeweza kukataa, mwingine ni mgonjwa aliyelala, mwingine ni marehemu. Twaona kwamba picha ya jamaa yafanana zaidi na amana kuliko mali: imewekwa mikononi mwa mmoja kwa ajili ya wote, na mwenye kuwekewa amana haigawi njiani.

Mtu wa mji mwingine aweza kusema kwamba twakuza jambo dogo. Sisi wa upande huu hatuwezi kusema hivyo. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya waganga waongo wanaowadanganya watu kwamba viungo vyao huleta mali, tena mali ya dhahabu hasa. Watoto wengi walipaswa kuondolewa kwao na kutunzwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao. Basi fikirini: shangazi mwenye furaha aitoa picha ya mtoto mchanga mwenye ualbino, aandika jina lake na jina la kijiji. Simu nyingi zaweza hata kuhifadhi ndani ya picha alama ya mahali ilipopigwa, wala mpigaji hana habari. Shangazi hana nia mbaya hata kidogo. Lakini amewaonyesha njia wasiowajua.

Hali kadhalika mabibi zetu. Kila mtu wa Shinyanga ajua jinsi wanawake wazee walivyouawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wenyewe ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa kuni na samadi, katika miaka hamsini ya kuwapikia wale wale wanaomshtaki. Mjukuu anayeipeleka picha ya bibi yake mtandaoni na kuiandikia maneno ya mzaha juu ya macho yake, ili wenziwe wacheke, acheza na kitu asichokijua uzito wake.

Hayo ni ya mwili. Yako na ya heshima. Wengi hudhani kwamba dhambi ya ulimi ni uwongo peke yake. Katekisimu yatenga mawili: masingizio, ambayo ni kumzulia mtu ubaya asioutenda, na masengenyo, ambayo ni kuufunua ubaya wa kweli pasipo sababu ya haki. Anayeandika nasaba huikuta kweli ya namna hiyo karibu katika kila nyumba: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mke aliyefukuzwa, ndugu aliyefungwa, babu ambaye si babu. Je, kwa kuwa ni kweli, iandikwe mbele ya watu wote?

Vitabu vyetu vya ubatizo vyaweza kutufundisha. Mtoto akizaliwa na mama asiyeolewa, paroko haandiki jina la baba kwa kusikia maneno ya kisimani. Sheria yadai hati ya serikali, au baba mwenyewe akiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Wala kitabu hicho hakiachwi wazi mlangoni pa kanisa kila mpita njia akisome. Kitabu kile hakidanganyi; basi kumbe kweli yaweza kutunzwa bila kutangazwa. Katika mtandao kila mtu ajifanya paroko, na mashahidi hawatakiwi.

Kuna jambo moja zaidi la nchi yetu. Mapadre wa White Fathers walianzisha misioni ya Ushirombo mwaka 1891, na miongoni mwa Wakristu wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na ukoo wa kutaja. Nasaba ya wajukuu wake humfikia yeye na kusimama hapo kama njia iliyofika mtoni. Wako wanaoona haya kwa ajili hiyo, hata hujibunia babu mtemi. Twawaambia waziwazi: huo ni uwongo, tena wamnyima heshima yake yule mtoto aliyeanza upya peke yake. Lakini kama wazao wenyewe hawajapenda kulisema hadharani, jirani asiwasemee.

Msomaji hodari atatupinga kwa Injili. Mathayo Mtakatifu alipoandika ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu, hakuwaficha Tamari, Rahabu, Rutu, wala mke wa Uria. Kama Roho Mtakatifu hakuona haya, sisi ni nani? Pingamizi hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Lakini tazameni. Mambo ya wanawake hao yalikuwa yamekwisha kusomwa katika masinagogi kwa karne nyingi. Mwinjili hakumvua mtu nguo mpya. Tena aliandika ili ionekane jinsi huruma ya Mungu ilivyopita katikati ya watu kama sisi. Mwenye kuitoa siri ya dada yake mtandaoni ajiulize kama anayo nia hiyo.

Hata wafu wana haki yao. Kuna mtandao mkubwa wa nasaba uitwao FamilySearch, unaoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huuita Wamormoni. Ni wa bure, umepangwa vizuri, nao huwaficha walio hai. Waliokufa bali huwekwa katika mti mmoja wa dunia nzima, ambao mtu yeyote aliyejiandikisha aweza kuwasoma, hata kuyabadili yaliyoandikwa. Kanisa hilo hutumia majina ya marehemu kwa ubatizo wa wafu, na kwa sababu hiyo mwaka 2008 Vatikano iliwaagiza maaskofu wasitoe vitabu vya parokia vinakiliwe kwa kazi hiyo. Hatuwalaumu watu wenye imani yao. Twasema tu kwamba anayemwandika babu yake mahali fulani ajue kwanza mahali hapo ni pa nani.

Sheria ya nchi nayo imeanza kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu habari za watoto kuwa taarifa nyeti. Ni vema, lakini sheria haitaingia jikoni kumzuia shangazi.

Tungependa kuona nini, basi? Ukoo uandikwe, tena uandikwe sasa, wazee wangali hai. Aliye hai aulizwe kabla ya picha yake kutolewa, na akikataa asiulizwe sababu. Picha za watoto ziende kwa jamaa wanaojulikana, bila jina la kijiji. Picha ya marehemu akiwa jenezani isitoke kabla mjane hajapewa habari. Na mambo mazito yaandikwe katika daftari la nyumbani, likabidhiwe kwa mtu mmoja mwenye kifua. Kila mwezi wa Novemba jamaa nyingi huleta parokiani karatasi yenye majina ya marehemu wao waombewe katika Misa. Wengi huiandika upya kila mwaka kwa kukumbuka-kumbuka, na kila mwaka jina moja hupotea. Nakala ya karatasi hiyo yaweza kuwa ukurasa wa kwanza wa daftari.