Rangi ya Grili Isiingie Ndani ya Gari

Ndugu zangu mliorithi Volkswagen Beetle za wazee wenu, nanyi mliookota Land Rover nyuma ya ghala la mtu mkaapa kuifufua, nisikilizeni. Nje mmehangaika vya kutosha. Mmelipa kunyoosha bodi, mmelipa puti, mmelipa klia hadi mawingu yanaonekana kwenye boneti. Kisha fundi anafungua mlango, anaitazama dashibodi iliyochubuka, anawaambia: "Bosi, humu ndani tunapitisha rangi ya mafuta tu. Nani ataona?"

Nani ataona? Utaona wewe! Mpita njia anaitazama bodi kwa sekunde mbili, anaendelea na safari yake. Wewe ndiye utakayekaa humo, kiwiko juu ya mlango, jasho la kiganja kwenye ukingo wa dirisha, funguo zikigonga bati kila ukipita kwenye tuta. Na bado unakubali kopo lililobaki baada ya kupaka grili za madirisha ya nyumba?

Katika Beetle za miaka ya 1950 na 1960 hakuna pa kuficha uzembe. Dashibodi ni bati lililopakwa rangi, juu ya milango ni bati, kuzunguka vioo ni bati. Na dashibodi ile haifunguliwi kwa bisibisi ukanunua nyingine. Imechomelewa, ni sehemu ya bodi yenyewe. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, likarudia 1957 na 1962, linastahili heshima zaidi ya hiyo.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliegesha magari juani huko Tempe, Arizona, siku za joto kali, wakapima. Baada ya saa moja tu, dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Chuma cha nyuzi 69 hukishikilii kwa kiganja. Sasa weka rangi ya mafuta hapo. Rangi hiyo hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, ikianzia juu kwenda chini. Ukiipiga nene, juu inafanya utando na chini inabaki laini. Joto likiipiga inalegea, inashika alama za vidole, inanasa vumbi, na ile nyeupe inageuka njano. Umeokoa pesa gani hapo?

Wengine watakushauri rangi ya NC, ile ya selulosi, kwa sababu inakauka upesi na inang'arishwa vizuri. Sikatai, ina urembo wake, na magari mengi ya zamani yalitoka nayo kiwandani. Lakini inakauka kwa thina kuruka tu. Ukiimwagia thina baada ya miaka 20, inayeyuka tena. Na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokakamaa, mpaka inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Ukitaka kuliweka gari kwenye maonyesho, ichague. Ukitaka kuliendesha kwenda kazini na kurudi, dai ya 2K: rangi na hadina yake, vitu viwili vinavyokamatana kikemikali, vikishaiva havirudi nyuma. Umesikia? Hairudi nyuma! Jasho haliing'oi, na sabuni haiidhuru.

Lakini usije ukaimwaga 2K juu ya chochote unachokikuta. Chukua kitambaa cheupe, kitie thina kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, kuna NC chini, na thina kali ya 2K itaikunja mpaka ijikunyate yote. Hapo ni kukwangua hadi chuma, au kutenganisha kwa praima inayofaa. Fundi akikwambia "itashika tu", mwombe akuonyeshe kwanza kwenye kipande.

Na kabla hujachagua rangi yenyewe, toa kibweta cha majivu kwenye dashibodi. Kitoe polepole, uumulike mdomo wa tundu lake kwa tochi. Pale ukingoni utauona mstari wa rangi ambao jua halikuufikia tangu gari litoke kiwandani: pengine buluu iliyoiva, wakati dashibodi nzima imechakaa kuwa kijivu cha maji. Peleka dukani sampuli ya rangi hiyo, wachanganye kwa kuilinganisha. Usiwapelekee picha ya simu. Simu inadanganya rangi mchana kweupe.

Mng'ao nao uufikirie. Herbie, ile Beetle nyeupe ya filamu ya mwaka 1968, ndani ilipakwa kijivu kisichoakisi ili taa za kamera zisirudishe mwanga. Wewe huna taa za kamera, lakini una jua la saa nane mchana, na dashibodi inayong'aa inajichora kwenye kioo cha mbele mpaka huoni anayevuka barabara. Ukiweza kuvumilia kuachana na rangi asilia hapo juu, weka isiyong'aa. Wapenda uasilia watanung'unika, waache.

Sasa maandalizi, mahali ambapo kazi nyingi hufia. Kwanza osha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unaisugulia grisi ndani ya mikwaruzo. Chuma kilichobaki uchi kipige praima ya epoksi, hasa ninyi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mnaopumua chumvi. Inueni kiti cha nyuma cha Beetle: betri inakaa hapo chini, na asidi yake hula sakafu kimyakimya huku mkishughulika na vioo. Epoksi isiachwe wazi juani, maana inageuka unga; lazima ifunikwe. Kwa Land Rover ambayo paneli zake ni aluminiamu, anza na praima yenye asidi inayoung'ata uso wake, na usome kwenye kopo kama mtengenezaji anaruhusu epoksi ifuate. Viti vya ngozi bandia visiguswe na 2K ngumu: vinakunjika, na yenyewe itapasuka. Vina rangi yao inayonyumbulika.

Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu! Nyingi, hasa nyekundu, njano na kijani, zilikuwa na madini ya risasi. Tumia maji na msasa wa maji, kusanya tope lake, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Hapa ninapaza sauti zaidi. Hadina ya 2K ina isosayaneti. Inapopulizwa, mvuke wake unaweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha, na hatari inaweza kuwepo bila pua kunusa chochote. Kitambaa puani ni mchezo. Barakoa ya vumbi ni mchezo. Kinachomkinga ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Wewe mwenye gari, unayelipia rimu na redio ya kizamani, kwa nini bei ya barakoa iwe mzigo wa kijana anayepuliza? Tafuta gereji yenye kifaa hicho, hata kama ni mbali, hata kama ni ghali. Ukikosa, subiri. Gari limesubiri miaka 40, litasubiri na miezi mingine mitatu.

Siku ya kupuliza isiwe ya mvua. Bati lenye unyevu usiouona litakusaliti kwa malengelenge. Ikishapulizwa, itakauka kwa kuguswa siku hiyohiyo, na hapo ndipo haraka inapowashinda wengi: wanarudisha raba za milango, na kesho yake raba imeganda na rangi mbichi. Iache wiki nzima. Halafu mwambie kijana wa kuosha magari asipake yale mafuta ya kung'arisha dashibodi. Mengi yana silikoni, inapenya kila kona, na siku utakapotaka kurekebisha mkwaruzo mmoja rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara kila mahali. Mpe kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, usimame hapo hadi amalize.