Mazoea yanapopofusha akili

MWAKA 1942 mtaalamu wa saikolojia huko Marekani, Abraham Luchins, alichapisha utafiti juu ya mitungi ya maji. Aliwapa watu hesabu za kupima maji kwa mitungi mitatu. Hesabu za mwanzo zote zilitaka njia moja ndefu: jaza mtungi mkubwa, punguza kwa ule wa kwanza, kisha kwa mdogo mara mbili. Wakaizoea. Halafu akawapa mitungi ya vipimo 23, 49 na 3, akitaka wapate 20. Hata mtoto wa madrasa ataona: 23 toa 3. Lakini wengi wakazunguka: 49 toa 23, toa 3, toa 3 tena! Ambao hawakuzoeshwa ile njia ndefu waliiona fupi upesi.

Ndugu zangu Waislamu, watu wale hawakuwa wajinga. Kilichowapofusha ni kufaulu kwao kwa mwanzo.

Sasa tuje Madina, mwaka wa 5 Hijria (627). Maquraish na washirika wao wanakuja wapatao elfu kumi. Waislamu ni kama elfu tatu. Njia zilizozoeleka zilikuwa mbili, kutoka nje kupambana au kubaki mjini, na ndizo zilizojadiliwa kabla ya Uhud. Mtume (s.a.w.) akataka ushauri. Rai ya tatu ikatoka kwa Salman Mfursi (r.a.), mgeni, aliyetoka utumwani karibuni, ambaye hakuwa amepigana nao vita hata moja. Akasema kwao Fursi wakihofia wapanda farasi huchimba handaki. (Neno letu hili la handaki asili yake ni hukohuko.) Hakuna aliyemwambia, "Wewe mgeni unajua nini?" Upande wa kaskazini uliokuwa wazi ukachimbwa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe akibeba udongo. Farasi wa Maquraish walipofika wakakwama.

Hebu tutazame kamati zetu. Posho ya ustadhi wa madrasa imechelewa miezi mitatu. Kikao kinaitwa. Uamuzi: litolewe tangazo baada ya swala ya Ijumaa, kopo lizungushwe. Mwaka jana kopo, mwaka juzi kopo. Haulizwi mtu kama pale ukuta wa msikiti unapotazama barabara hapawezi kujengwa fremu mbili za maduka, ziwe wakfu wa madrasa. Au pengine mwenye wazo hilo yupo, ila ni kijana aliyemaliza chuo juzi, au mama aliyeko nyuma ya pazia, na hao wamezoeshwa kusikiliza tu. Wengine husema, "Tumwachie Mungu." Naam, lakini masahaba walitawakali huku wanachimba.

Luchins alipowaambia watu waandike kwenye karatasi zao kwamba wasiwe vipofu, baadhi yao waliiona njia fupi. Basi katika kikao kijacho, kabla mwenyekiti hajalitaja kopo, aanze kumuuliza yule ambaye hajawahi kuulizwa. Ustadhi anaingia mwezi wa nne.