KUNENEPA SI KIPIMO CHA BARAKA

Somo: Danieli 1:8-16; Kutoka 16:16-20



Somo letu ni la vijana wanne waliopelekwa utumwani Babeli. Waliwekewa chakula cha meza ya mfalme pamoja na divai yake. Danieli akaomba wapewe mboga na maji siku kumi, kisha watazamwe. Siku zilipotimia, walionekana wenye afya na wenye mwili kuliko wale waliokula cha mfalme. Basi, tuangalie vema: Neno la Mungu halisifu kukonda, wala halimhukumu mtu mnene. Linatufundisha kwamba meza iliyojaa siyo lazima ilete uzima. Tena linatuonyesha kwamba Danieli hakufanya peke yake. Alikuwa na msimamizi aliyekubali kuwajaribu na kuwatazama, alikuwa katika kazi ya mfalme, na alikuwa na ndugu watatu waliokula naye sahani moja.

Katika miji yetu, mtu akinenepa husemwa kwamba Mungu amembariki. Akikonda, husemwa ana sida, ama amelogwa, ama mume wake hamtunzi. Kwa kuogopa maneno hayo, wako wamama na wasichana wanaonunua sokoni vidonge vya kunenepesha, kama deksametazone na siproheptadine, bila kumwuliza munganga. Wapendwa, hizo ni dawa za wagonjwa. Deksametazone hupandisha sukari na tansio, hudhoofisha mifupa, na hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Anayeimeza siku nyingi asiiache kwa ghafula, sababu anaweza kuanguka na hata kufa. Aende kwa munganga, naye atamwachisha polepole. Tunawasihi wamama: uzuri unaonunuliwa kwa njia hiyo hulipwa kwa figo, kwa macho na kwa moyo.

Jambo hili si la nchi yetu tu. Katika mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1,000 duniani walikuwa na unene wa kupita kiasi, watoto pamoja na wakubwa. Unene huo hufungua mlango kwa ugonjwa wa sukari, tansio, ugonjwa wa moyo, kupooza, maumivu ya magoti na kansa nyingine. Na huku Kongo, wakati huohuo, mamilioni ya ndugu zetu wanalala njaa kwa sababu ya vita na ukosefu. Tukumbuke mana ya jangwani: kila mtu aliokota kadiri ya hitaji lake, na iliyowekwa kwa tamaa iliingia mabuu.

Tuanzie kwenye santé. Munganga hutazama kilo pamoja na urefu. Mtu mzima wa mita 1.60 akipita kilo 64, uzito wake umeanza kuzidi; akifika kilo 77, huo ni unene wa kupita kiasi. Kupima ni kazi ya dakika chache, na tansio ipimwe siku hiyohiyo, kwa maana tansio mara nyingi haina maumivu. Asiyeweza kuwa mwembamba asikate tamaa. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9, sukari na tansio huanza kushuka. Kunenepa hakutoki siku zote kwa ulafi: kuna urithi wa jamaa, kuna dawa nyingine, kuna huzuni, kuna usingizi mchache. Kwa hiyo mtu asimcheke ndugu yake, wala mtu asiseme mbele ya kanisa kwamba unene wa fulani ni pepo.

Tena tunasema wazi: maombi na dawa havigombani. Aliyeombewa asitupe vidonge vyake vya sukari ama vya tansio mpaka munganga ampime na kumwambia. Na mwenye sukari anayetumia dawa, ama mama mwenye mimba, asiingie katika mfungo bila shauri la munganga. Sukari ikishuka sana katika damu, mtu huzimia na anaweza kufa. Mungu hataki sadaka ya namna hiyo.

Tuje kazini. Wazee wa Katanga wanakumbuka posho ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906: unga ulipimwa kwa ajili ya mtu wa kazi ngumu. Leo mjukuu anaendesha mashine akiwa ameketi, ama anakaa ofisini, ama ni mlinzi wa mlangoni, lakini bukari ni ule mlima wa babu. Jasho limepungua, sahani haikupungua. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamlazimisha bwana kazi kumpa mfanyakazi na jamaa yake matunzo ya afya. Wafanyakazi walio wakristo waombe kwa heshima, kwa njia ya wajumbe wao, kilo na tansio zipimwe kila mwaka, maji safi yawepo mahali pa kazi, na chakula cha mchana kiwe na mboga. Anayeketi kutwa ainuke mara kwa mara. Waganga hutaka mtu mzima atembee kwa nguvu dakika 150 kwa juma, ni kusema nusu saa siku tano.

Mwisho, kartiye na parokia. Mtu hawezi kushinda meza peke yake wakati jamaa yote inamsukumia sahani. Chupa ya sukre ya sentilita 33 yaweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko saba vya chai. Na watoto wetu wanapewa kila sikukuu kama zawadi ya upendo. Wamama wanaopika siku za arusi na matanga watangulize sombe, lengalenga, maharagi na matunda. Mafuta ya ngazi ni mazuri, lakini yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe: mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga wa uzito uleule. Vijana wa kwaya watembee pamoja na wazee kabla ya jua kali. Mashemasi wanunue mzani mmoja wa parokia, nao wamama wauguzi wapime kwa siri, pasipo kutangaza kilo za mtu. Na kinachopunguzwa katika sahani ya mwenye kushiba kipelekwe kwa mjane na kwa wakimbizi. Hapo kujizuia kwetu kutakuwa ibada.

Wapendwa, tujaribu siku kumi kama Danieli, kila nyumba pamoja na jirani yake: mboga, maji, na miguu. Kisha tupimwe, na tuendelee. Mwili ni wa Bwana. Tuutunze ili tuwe na nguvu ya kumtumikia.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.